Sifa za Geji ya Mafuta

Watu wameisifu injini, wameyasifu matairi, na wapo wanaoisifu redio ya gari kuliko gari lenyewe. Geji ya mafuta haijapata msemaji. Hutajwa siku gari limezima pembeni mwa barabara, na hapo hutajwa kwa matusi. Leo nimejitolea kuisimamia, tena bila malipo, kwa sababu katika vyombo vyote vinavyotupimia mambo yetu sijaona kingine kinachotuonea huruma.

Tazameni majirani zake. Mshale wa spidi, unaokaa pale pale kwenye dashibodi, ni mtumishi wa sheria. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaukataza kabisa kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Ukizidisha kidogo unasamehewa, ukipunguza umekosa. Pampu ya sheli nayo ina Wakala wa Vipimo wanaokuja kuikagua na kuibandika stika. Mizani ya muuza nyama ina mkaguzi. Lakini sijawahi kumwona ofisa aliyefungua mlango wa gari akauliza kama robo inayosomwa humo ni robo kweli. Geji imeachiwa dhamiri yake, na dhamiri yake ni ya kutusitiri.

Anza na ukarimu wake. Jaza tanki pale Mwenge mpaka bomba lijikate lenyewe, uelekee Bagamoyo. Utapita Tegeta, utapita Bunju, mshale umesimama kwenye F kana kwamba gari linakunywa hewa. Sababu ipo, wala si uchawi. Ndani ya tanki kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda nalo hupanda, na mkono huo hukwaruza kipande chenye ukinzani wa umeme ambacho ndicho kinachouambia mshale mahali pa kusimama. Tanki likijaa, boya hufika mwisho wa safari yake huku mafuta yakiendelea kupanda juu yake na kuingia kwenye shingo ya kujazia. Yale ya juu hayahesabiwi. Unayachoma bure, kwa jinsi geji inavyoona, na moyo wako umetulia.

Ukarimu huo ndio nguzo ya undugu. Shemeji ameazima gari Jumamosi likiwa limejaa, kaenda nalo harusini Kibaha, karudi usiku. Mshale uko pale pale alipoukuta. "Shem, mafuta hata sijayagusa," anasema, na mbele ya ushahidi kama huo nani atabisha? Anashukuriwa, anapewa chai. Jumatatu mwenye gari anakwenda Posta na kurudi, mshale unaporomoka hadi nusu, lawama yote inabebwa na foleni ya Ubungo. Hakuna aliyegombana na mtu.

Kwamba nusu ya chini huisha upesi kuliko nusu ya juu, kila dereva anajua. Tanki la gari si debe. Limefinyangwa lipite kando ya bomba la moshi, likwepe ekseli, lijibane chini ya kiti cha nyuma, na mara nyingi chini ni jembamba kuliko juu. Boya likishuka inchi moja huko chini, mafuta yaliyotoka si sawa na ya inchi moja ya juu. Wapo watengenezaji wanaorekebisha tofauti hiyo kwa hesabu za kompyuta, na wapo wanaoiacha kama ilivyo. Mimi nawashukuru wa kundi la pili. Wametuachia wiki yenye mwanzo mnono.

Sasa tuje kwenye E, mahali ambapo geji yetu hutukanwa zaidi na ambapo inastahili pongezi zaidi. E haina maana kwamba tanki ni kavu. Mhandisi ameacha lita kadhaa chini yake kwa makusudi, kama bibi anayefunga noti kwenye pindo la kanga asijue mtu. Katika gari dogo lenye tanki la lita 40 na kitu, taa ya njano kwa kawaida huwaka zikiwa zimebaki lita kati ya tano na nane, na hata mshale ukilala kabisa bado kuna kitu. Shida ni kwamba siri hiyo imevuja. Dereva akishajua kwamba taa ikiwaka bado ana kilomita 50, kesho anaziingiza kwenye bajeti, na kesho kutwa anaziona haki yake ya kuzaliwa. Ndiyo maana geji yenye hekima haidanganyi kwa kiasi kile kile kila siku. Leo inabakiza lita saba, kesho nne, ili kusiwe na mtu wa kuizoea. Hiyo wanaoita hitilafu mimi naiona ni malezi.

Kwa bahati nzuri, magari yetu mengi yametumika kwanza Japani. Ukiwasha swichi yanakusalimu kwa Kijapani, na kitabu cha maelekezo, kama kilikuja, ni cha Kijapani pia. Idadi kamili ya lita zinazobaki imeandikwa humo, imelala salama.

Kuhusu taa yenyewe sina budi kusimama kidogo, maana hiyo ina kipaji cha kuchagua mahali. Ukishaipita Doma ukielekea Mikumi mjini, barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Huku twiga, kule nyati, na mabango ya kukukumbusha faini ya kumgonga mnyama. Taa haiwaki hapo kwa kishindo. Kwanza inakonyeza kwenye kona na kuzima, kwa sababu mafuta yamekimbilia upande mmoja na boya limeshuka kwa sekunde chache. Kisha inakonyeza tena. Kisha inabaki.

"Baba Asha, hiyo taa ya njano ni ya nini?"

"Hiyo? Ya kukumbusha tu."

"Inakumbusha nini?"

"Mafuta. Lakini bado yapo ya kutosha."

"Nani kakwambia?"

Tazama sasa kilichotokea ndani ya gari lile. Baba Asha, ambaye toka Morogoro mguu wake ulikuwa sakafuni, anashuka mwendo hadi ule unaotakiwa humo hifadhini. Anazima kiyoyozi. Anaukanyaga mwendo kwa ncha ya kiatu, hapigi breki ovyo, haovateki lori. Watoto wamenyamaza, mama anasoma dua, na wote wanne wanawatazama tembo kwa makini kuliko mtalii yeyote aliyelipia. Kazi ambayo trafiki na tochi zao hawajaimaliza, kataa kadogo ka njano kameifanya bila kuandika faini.

Milima nayo inaijua geji yetu kwa namna yake. Ukipanda Kitonga kuelekea Iringa, pua ya gari juu, mafuta yote hukimbilia nyuma ya tanki. Kama boya limefungwa upande wa mbele, mshale unashuka na dereva anaanza kujuta. Kama limefungwa nyuma, mshale unapanda na dereva anaanza kuamini baraka. Lita ni zile zile. Ingekuwa geji inafuata kila mtikisiko, mshale ungecheza ngoma toka Ubungo mpaka Tunduma, kwa hiyo imefundishwa kutokuwa na papara. Zile za zamani hutumia ukanda wa metali mbili unaopashwa moto na umeme na kupinda polepole. Za sasa zina kompyuta inayochukua wastani wa muda fulani ndipo iseme.

Utulivu huo unaonekana vizuri pale sheli.

"Ya ngapi, bosi?"

"Ya elfu tano."

"Sifuri hiyo, angalia."

Elfu tano haifikishi lita mbili. Mshale hautingishiki hata unywele. Wengine hukasirika, huipigapiga kofi dashibodi, hudai wameibiwa. Mimi nauona ni uungwana: chombo chenye heshima hakiwezi kutangaza mbele ya abiria kwamba mwenye gari ameweka ya elfu tano.

Na kwenye daladala? Katika Hiace nyingi zilizochoka geji ilishakufa zamani, na suka anapima kwa tripu na kwa noti. Ni mahali ambapo bado iko hai ndipo utaona ilivyo hakimu. Jioni suka anamkabidhi gari deiwaka: "Nimekuachia robo." Deiwaka anachungulia, kweli ni robo. Asichokiona ni kwamba gari limeegeshwa tairi mbili zimepanda ukingo wa barabara, na boya limeinuliwa na mteremko. Akilitoa pale, robo inageuka kuwa taa. Anapiga simu, anatukana, anaambiwa, "Si uliona mwenyewe?" Aliona. Siku akirudisha gari, naye atatafuta ukingo wake, na hesabu ya tajiri itapatikana vile vile kutoka mifukoni mwa wote wawili.

Msidhani dunia isiyo na geji ilikuwa na raha. Ford Model T haikuwa nayo: tanki lilikuwa chini ya kiti, ukitaka kujua unamshusha abiria, unanyanyua kiti na kuchovya kijiti. Mafuta yenyewe yalikwenda kwenye injini kwa kuteremka tu, hivyo kwenye mlima mkali mafuta yakiwa kidogo dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 zilikuwa na kijiti cha kuzungusha kwa mguu ili kufungulia akiba gari likianza kukohoa. Desturi hiyo haijafa. Muulize mtu wa bodaboda. Yeye huzungusha koki kwenye akiba, ikishindikana huitikisa pikipiki na kusikiliza mlio wa tanki, na mwisho kabisa huilaza ubavu katikati ya barabara ili mafuta yaliyojificha upande wa pili yavuke. Abiria anasubiri kando amekumbatia mfuko wa Kariakoo.

Anayetaka ushahidi mzito zaidi atazame angani. Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliruka kwenda Edmonton huku geji zake za mafuta hazifanyi kazi. Wasomi wakapima kwa vijiti na kupiga hesabu wenyewe. Zilihitajika kilo 22,300; walichanganya vipimo, zikawekwa ratili 22,300, ambazo hazifiki hata nusu yake. Injini zote mbili zilizima katikati ya safari. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, aliitelemsha Gimli kwenye uwanja wa zamani wa jeshi, uliokuwa umegeuzwa sehemu ya mashindano ya magari, na watu wote 69 walipona. Nawauliza wanaoikejeli geji: hao walioifanyia kazi yake kwa kalamu na karatasi walipatia?

Kuna magari mapya yenye namba badala ya mshale: zimebaki kilomita 212. Namba hiyo watu huiheshimu kwa kuwa haina aibu. Kumbe ni hesabu ya ulivyoendesha hivi karibuni ikizidishwa kwa mafuta yanayodhaniwa kubaki. Ukitoka kwenye foleni ya Morogoro Road ukashika barabara tupu, kilomita zilizobaki zinaongezeka kadiri unavyokwenda. Ukirudi kwenye foleni zinayeyuka umesimama. Halafu, mahali ambapo ungeihitaji zaidi, mashine nyingi za aina hiyo huacha namba na kuonyesha vistari. Mshale wetu walau hufa ukiwa kazini.

Katika ukoo huo wote mkweli ni mmoja, kale kapembetatu kadogo kando ya picha ya pampu kanakoonyesha mfuniko wa tanki uko upande gani. Kalibuniwa na Jim Moylan, mhandisi wa Ford, mwaka 1986 baada ya kulowa mvua akigeuza gari la kampuni kwenye pampu. Hakajawahi kusema uongo, na sijamkuta mtu aliyekasifu.

Fundi wangu hakubaliani na lolote katika haya. Anasema pampu ya umeme inakaa ndani ya tanki na inapozwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, kwa hiyo anayeendesha kwenye taa kila siku anaiunguza polepole. Na kwamba gari la dizeli likikauka linavuta hewa, utapampu kwa mkono mpaka jua lizame. Anasema pia kwamba petroli yenye salfa nyingi hula vile vikwaruzo vya boya, kama ilivyotokea kusini mwa Marekani mwaka 2004, ambako geji za watu zilikwama na petroli ikabidi iondolewe sokoni. "Mzee, hili boya lako limechoka. Nikutafutie lingine Gerezani, la gari jingine lakini linaingia."

Nimemwambia aliache. Boya la gari jingine litakuja na uongo wa tanki jingine, nianze upya kujifunza E yake ni ya wapi. Hili langu, mshale ukigusa mstari wa mwisho pale Kimara Stop Over, nafika Kibaha.