Heri Anayenipigia Honi

Watu wa Thika na Ruiru wamezoea kumlaani dereva mbovu. Humlaani kanisani, humlaani matangani, humlaani hata wakiwa wameketi nyuma yake ndani ya matatu, huku wakimhimiza akanyage mafuta kwa kuwa wamechelewa kazini. Mimi niendaye Thika kwa baiskeli kutoka Witeithie naona wanamkosea. Katika karne ya 2 Lukiano wa Samosata aliandika hotuba nzima ya kumsifu inzi, na inzi hajawahi kumtendea mtu wema wowote ninaoujua. Dereva wetu anastahili zaidi.

Kwanza, ni mtu wa ukoo. Tarehe 30 Mei 1896, jijini New York, bwana mmoja aitwaye Henry Wells alikuwa kwenye gari lake la Duryea. Magari siku hizo yalikuwa machache mno. Barabara zilikuwa za farasi. Hata hivyo, katika jiji lote hilo na upana wake, Wells alifaulu kumpata Evylyn Thomas aliyekuwa kwenye baiskeli, akamgonga na kumvunja mguu. Hiyo huhesabiwa kuwa ajali ya kwanza ya gari kuandikwa Marekani, na Wells akalala korokoroni usiku ule. Tazameni basi: gari lilikuwa halijajua hata kukata kona sawasawa, lakini baiskeli lilishaijua. Anayedhani kwamba mambo haya yalianzishwa na vijana wa matatu za njia ya 237 hajasoma historia.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, dereva ndiye mtu pekee anayejua kwamba nipo.

Tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika, kilomita 50 hivi za lami iliyomwagwa na makampuni ya Kichina. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Matatu zilipewa steji. Waendao kwa miguu walijengewa madaraja ya kuvukia juu kwa juu. Malori yalipata nafasi ya kupumua. Huko chini karibu na jiji la Nairobi, mwenye baiskeli naye alikumbukwa kidogo. Kuna vipande vya njia yake ambavyo huanza kwa adabu kisha hukatika ghafla, mtu akabaki anatazama mtaro. Huku kwetu, kati ya Juja na Thika, nilichoachiwa ni pembeni mwa lami, nami nagawana hapo na changarawe, vipande vya chupa, mama wa mahindi ya kuchoma, mbuzi, na bodaboda anayekuja kwa upande usio wake huku amebeba sofa.

Mhandisi hanijui. Anayepanga bajeti hanijui. Mheshimiwa akija kuomba kura hupita ameketi juu ya paa la gari, akiwapungia watu walio mbali zaidi yangu. Dereva peke yake ndiye anayetoka kwenye nafasi yake, akaniandama hadi pembeni kabisa, akanipigia honi. Serikali nzima haijawahi kunisemesha kwa sauti kubwa namna ile.

Na honi zenyewe si za aina moja. Asiyezijua hudhani ni kelele. Kuna ile fupi ya lori la mchanga, ya mtu mzima, inayosema nimekuona, mzee, endelea na mambo yako. Hiyo naipenda kwa dhati bila mzaha wowote. Kuna mbili za haraka za gari dogo, zinazosema toka. Kuna ya matatu, yenye muziki, inayoanza mbali na kukupita ikiwa bado haijamaliza wimbo. Halafu kuna ile ndefu isiyokatika, ambayo haisemi toka wala haisemi nimekuona. Inasema: mimi nimeshaamua, sasa amua wewe. Mtu akiisikia hiyo akiwa amefunga gunia la majani ya ng'ombe kwenye keria, gunia pana kuliko mabega yake, huamua upesi sana. Sijui chuo kinachofundisha watu kukata shauri kwa kasi hiyo, na JKUAT iko hapo Juja tu.

Honi huja na mawaidha. Makanga aliyening'inia mlangoni hupiga bodi ya gari makofi mawili, akainama hadi usawa wa sikio langu na kusema, “Guka, nunua gari!” Ni ushauri wa uchumi, na ni wa bure. Mwingine huniambia, “Hii barabara si ya babako!” Nalo ni kweli tupu. Babangu alichuma kahawa ya watu huko Ruiru na hakuachiwa hata kijia cha kwenda mtoni. Sijui kijana yule alipata wapi habari za mirathi yetu.

Siwezi kuwasahau wapeleka miraa. Pikapu zao hushuka kutoka Meru, hupita Thika, huelekea Nairobi kuwahi ndege, maana miraa ikilala imenyauka na ikinyauka haina bei. Mwaka 2014 Uingereza ilipoipiga marufuku nilidhani haraka itapungua. Nilikuwa simjui mfanyabiashara. Pikapu ikinipita kwa umbali wa mkono, upepo wake hunisukuma kwanza kuelekea mtaroni, kisha, mkia wa gari unapopita, hunivuta kuelekea lami. Wengine hulipa pesa kwenda kubembea mahali pa starehe. Mimi nabembezwa bure, asubuhi, nikiwa na mkate na maziwa ya watu.

Msongamano ukishika jioni, dereva huonyesha fadhila ambayo wengi hawaijui. Huiacha lami, lami ile ya mabilioni, akateremka pembeni kwenye changarawe kuishi na sisi maskini. Watu huliita jambo hilo kuovalapu na kumwona hana adabu. Mimi nimemsikia mchungaji akihubiri juu ya matajiri kushuka kwa wanyonge, na sijamwona mtu anayelitimiza neno hilo kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa isipokuwa huyu.

Wapo watakaonikumbusha marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Kanuni zake zilipoanza kukaza mwaka 2004, matatu zilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mikanda, na mstari wa manjano ubavuni. Mstari bado upo na unapendeza. Mikanda nayo ipo, abiria huikalia. Kidhibiti pia kipo, tena kimetunzwa vizuri kabisa, kwa kuwa hakitumiki.

Msifu anapofika hapa hulazimika kumeza mate. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ilihesabu watu 4,324 waliokufa katika barabara za Kenya. Kila mmoja wao alikuwa na watu wanaomngoja nyumbani. Baiskeli iliyopondwa huegemezwa ukutani kituo cha polisi pamoja na nyingine, gurudumu limekuwa kama chapati iliyokunjwa, na madigadi ya nyuma bado ina rangi aliyopaka mwenyewe.

Sheria ya trafiki, kifungu cha 46, inasema anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10. Ndipo sifa kuu ya dereva wetu inapojitokeza, sifa niliyoiweka mwisho makusudi kwa sababu ndiyo inayonishinda kuieleza. Ni unyenyekevu.

Mtu huyu alikuona tangu njia panda ya Mang'u. Alikupigia honi, ile fupi, kisha mbili, kisha ndefu. Makanga wake alikuita guka na kukushauri kuhusu gari. Alikujua kuliko mhandisi, kuliko mheshimiwa, pengine kuliko majirani zako. Lakini askari akifika na daftari, na lami ikiwa imemwagika maziwa, mtu yule yule hataki sifa hata kidogo. Ameshika kofia mkononi, sauti imeshuka, anasema maneno mawili tu: “Afande, sikumwona.”

Petro alimkana bwana wake mara tatu kabla ya jogoo kuwika, akatoka nje akalia kwa uchungu. Dereva wetu hukana mara moja, hutoa dhamana, na jogoo wa kesho yake anapowika yuko kwenye usukani, kiti cha mbele kimebaki kimoja, anangoja mtu wa Thika.