Shangazi wa Angani Akujibu

Shangazi! Mimi ni mchuuzi wa mizigo kwenye mchezo wa Elite Dangerous. Nilidunduliza krediti hadi zikafika milioni 17 na ushee, nikanunua meli ya Type-7. Inabeba tani 300 na zaidi, nami naipenda sana. Shida ni kwamba kila nikiomba kutua kwenye vile vituo vidogo vya pembezoni, nafukuzwa. Wananibagua?
– Mwenye Shehena

Mpwa wangu! Hakuna anayekubagua. Vituo hivyo havina gati kubwa hata moja, na Type-7 haitui ila kwenye gati kubwa. Najua utauliza mbona Python ya jirani inatua palepale, ilhali ni ndefu na pana kuliko yako. Kosa la mchumba wako ni kimo. Waundaji wake, watu wa Lakon, walimjenga ghorofa juu ya ghorofa, akawa hapiti mlangoni. Muuzaji alikufungulia tumbo la meli ukaona tani, kichwa hukukitazama.

Usimtaliki. Mpangie kazi kwenye vituo vikubwa tu, ambako bei huwa si haba. Ila kama riziki yako iko vituo vidogo, tafuta meli ya gati la kati. Wa kuanzia ni Type-6: bei yake ni kama milioni moja, hubeba tani 100 na kidogo, na haina makuu. Python ni mke wa nyumba yenye heshima, tani 290 hivi ukijaza rafu za mizigo kila tundu, lakini mahari yake ni milioni 57. Tangu 2024 kuna Type-8, naye anatua gati la kati na anabeba kumshinda Python. Uso wake sitausemea. Kwa mizigo mitupu, ningekuoza huyo.

Shangazi, nimenunua Python kwa senti yangu ya mwisho. Nimeng'oa ngao ili nipate nafasi ya rafu. Jana haramia alinivuta nikiwa safarini, nikapigana na usukani hadi nikashindwa. Meli kwisha, dhahabu kwisha. Bima itanilipa?
– Mfuko Mtupu

Bima hailipi, wewe ndiye unayelipa. Kurudishiwa meli hugharimu asilimia 5 ya thamani yake, na kwa Python tupu hiyo ni karibu milioni 3, kabla hatujahesabu vifaa ulivyoipamba navyo. Usipokuwa nazo, utakabidhiwa Sidewinder ya bure, ile ya wanaoanza. Dhahabu haina bima. Iagane kwaheri.

Na hiyo habari ya ngao! Rafu ya daraja la 6 hubeba tani 64. Kwa hizo tani 64 ukaenda uchi mbele ya majambazi? Rudisha ngao leo hii, hata ukipunguza mzigo. Akikuvuta tena, usishindane naye. Shusha kasi hadi sifuri, jisalimishe, kisha kanyaga mafuta huku ukiandaa injini ya kuruka mfumo mwingine. Anayejisalimisha, injini yake hupoa upesi kuliko ya aliyeshindwa kwa nguvu. Ukaidi huo ndio uliokuua.

Wenzangu wameniambia kuna meli ya Anaconda ya bure inagawiwa kituo cha Hutton Orbital, huko Alpha Centauri. Niko njiani na Type-6 yangu, dakika ya 40 sasa, na mke wangu ananiita mezani. Niendelee?
– Mpenda Vya Bure

Ewe mpwa! Kituo hicho kiko mwaka-nuru 0.22 kutoka nyota unakoingilia, safari ya zaidi ya saa nzima ya kutazama giza. Utani huo ni wa miaka mingi na kila mgeni hupelekwa. Hebu jiulize: Anaconda hutaka gati kubwa, na Hutton hakuna gati kubwa. Hiyo ya kugawiwa ingeegeshwa wapi? Kinachopatikana huko ni vikombe vya Hutton, na unavinunua kwa pesa yako.

Geuza meli, nenda ukale. Au kama umeshapita nusu ya njia, nunua vikombe uviuze mbali, maana bidhaa adimu hupanda bei kadiri unavyoipeleka mbali na kwao. Mkeo mpelekee kimoja.

Wanaoniandikia wiki ijayo, tajeni kwanza kituo mnachopeleka mzigo, ndipo mniulize meli. Barua zitakazoanza na rangi ya meli sitazijibu.