Jinsi ya Kununua Nyumba ya Wageni Paje na Bado Ukapata Usingizi

Dalali akikutumia picha ya nyumba inayouzwa Paje, Unguja, mshukuru, kisha muombe nyingine iliyopigwa saa sita baadaye. Ile ya kwanza imepigwa wakati wa bamvua, maji yamejaa: bahari imefika karibu na ngazi, mnazi umeinama, pwani nyeupe haina mtu. Ya pili itakuonyesha maji yaliyotoka mpaka kule kwenye mwamba, na katikati safu za vijiti vya mwani na akina mama walioinama kazini. Zote mbili ni Paje na mgeni wako atazilipia zote mbili, kwa hiyo mwambie mapema, kwenye tangazo lenyewe, na mbandikie ukutani ratiba ya kujaa na kupwa. Aliyejulishwa huvaa viatu vya mpira akatoka kwenda kuona mwani unavyolimwa. Asiyejulishwa hukaa barazani akaandika malalamiko yatakayosomwa na dunia nzima.

Safari ya kukagua ifanye mwezi wa Aprili. Agosti kila nyumba ni nzuri, kwa sababu kusi inavuma, wacheza tiara za baharini wamejaa na hata chumba cha stoo kina mpangaji. Aprili masika imekolea, hoteli nyingi zimefunga, na nyumba haina pa kujificha. Lala humo usiku mmoja. Utajua makuti yanavujia wapi, shimo la choo linahimili kiasi gani, na gari dogo linakwama umbali gani kutoka barabara ya lami. Onja maji ya kisima, maana pwani hii visima vingi vina chumvi, na chumvi hiyo itakula pampu, hita na mashine ya kufulia kwa zamu. Washa viyoyozi vyote kwa pamoja, halafu zima umeme uisikilize jenereta. Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, umeme unaotoka Bara ulipokatika. Waya mpya uliozinduliwa 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini mgeni aliyelipia kiyoyozi hapendezwi na historia. Muuzaji akikataa usilale, rudi Mjini na pesa zako.

Sasa ardhi. Hapa punguza mwendo, hata kama dalali anakuambia kuna Mtaliano anakuja kesho na pesa taslimu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali. Unachopata ni haki ya kuitumia. Mgeni kutoka nje hukodishwa kwa muda, kwa kawaida miaka 33 inayoweza kuongezwa hadi 99, na njia yake hupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji. Hata ukiwa umezaliwa Bagamoyo, usidhani hati uliyoizoea Bara itakufaa, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano. Tafuta mwanasheria wa Zanzibar, wako mwenyewe, asiyelipwa na dalali.

Ukimaliza na mwanasheria, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kisha ukae na wazee. Uliza kiwanja kilikuwa cha nani, warithi ni wangapi, na wote wamekubali au ameuza kaka mkubwa peke yake. Uliza na minazi. Visiwani mti unaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi, na siku atakapokuja kuangua nazi zake juu ya bwawa lako la kuogelea, haki itakuwa yake. Uliza pia njia ya wavuvi na wakulima wa mwani kwenda pwani inapita wapi. Ikiwa inapita kando ya nyumba, iache wazi. Mwani ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla hoteli nyingi unazoziona hazijajengwa, na umesomesha watoto wengi. Kuwawekea ukuta hawa akina mama ni ubaya, na nausema bila kupunguza.

Hesabu nitaimaliza upesi. Dalali atazidisha dola 80 kwa siku 365 akupe dola 29,200. Chukua wewe siku 180, upate 14,400. Tovuti ya kuwekea nafasi ikichukua asilimia 15 na msimamizi asilimia 20, zinabaki 9,360, chini ya theluthi ya ndoto ya dalali, na bado hujalipa umeme, mishahara, vibali, kodi wala fundi. Ni kweli wageni ni wengi: mwaka 2024 walioingia Zanzibar walizidi 700,000. Lakini Aprili 2020 ndege za kimataifa zilisitishwa Tanzania nzima na vitanda vyote vikalala vitupu. Usinunue kwa mkopo unaohitaji kila mwezi uwe Agosti.

Nimewaona watu wenye akili nyingi wakitumia mwaka mzima kuchagua vigae, kisha wakatumia dakika kumi kumchagua atakayeishi na nyumba. Kinyume chake ndiyo sahihi. Tafuta mtu wa Paje au Jambiani anayejua fundi yupi huja kweli akisema anakuja, na anayeweza kumwambia mgeni kwa upole ajifunike akipita kijijini. Mpe mkataba, mshahara wa miezi kumi na miwili, Aprili ikiwemo, na mamlaka ya kununua pampu bila kukupigia simu ukiwa Muscat saa nane za usiku.

Kabla Ramadhani haijaandama, kaa naye mpange zamu upya. Mpishi wa kifungua kinywa asiwe yeye huyohuyo wa chakula cha usiku, na saa ya futari mtu wako awe kwake. Wageni waandikie kabla hawajapanda ndege kwamba mchana hawatakula wala kunywa njiani, na kwamba barazani kwako chakula kipo. Mshahara wa mwezi huo ulipe kabla ya Idi, na ongeza pesa ya nguo za watoto.