Sifa za Mheshimiwa Mdoezi

Binamu yangu alikuja Dar es Salaam kwa usaili wa siku moja, na begi moja la mgongoni. Huu ni mwaka wa nne. Kwa kuwa kumfukuza nimeshindwa, nimeamua angalau kumtafutia ukoo wa heshima, na nimeupata mbali: kwenye misonobari ya milima ya magharibi mwa Marekani na Kanada.

Huko anaishi mmea mdoezi ambao wataalamu wanauita Arceuthobium. Jina limeungwa na maneno mawili ya Kigiriki: mti wa jamii ya mtarakwa, na uhai. Na kweli jamaa yake mmoja amehamia kwenye mitarakwa ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, kwa hiyo mtu asije akasema kudoea ni mambo ya Wazungu.

Sisi tuliolelewa na Azimio la Arusha tulifundishwa kumchukia kupe na mirija yake. Wazee wanisamehe, leo namsifu mwenye mirija. Majani hana. Ameyapunguza mpaka yamebaki magamba, maana jani ni jiko, na anayekula kwa jirani jiko la nini? Sukari anajipikia kidogo tu, ya kuonjea. Maji, chumvichumvi na sehemu kubwa ya chakula anavuta kwa mwenyeji, kwa vijimizizi vilivyopenya gome.

Ila mvivu msimwite. Mtazameni mwezi wa nane au wa tisa. Tunda lake, la kukaribiana na punje ya mtama, linaning'inia kwenye kikonyo kilichopinda, na ndani maji yamebanwa kama soda iliyotikiswa. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walieleza kwamba muda mfupi kabla ya kufyatuka, tunda lenyewe hupanda joto kama nyuzi 2. Kisha paa! Kikonyo kinaachia, na mbegu moja inaondoka kwa mwendo unaokaribia kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao daladala ya Mbagala huusikia redioni. Inaweza kutua mita 10 kutoka nyumbani, pengine hata 15.

Mbegu hiyo imepakwa ulimbo. Ikigonga sindano ya msonobari inanata, halafu inatulia kungoja mvua. Mvua ikija ulimbo unalainika, na mbegu inateleza taratibu, sindano nzima, mpaka chini penye kitawi kichanga na gome laini. Hapo ndipo inapotoboa.

Baada ya hapo, kimya. Miaka miwili, mitatu, hata mitano, huoni kitu nje zaidi ya uvimbe. Wageni wetu siku ya tatu hupewa jembe. Huyu siku ya tatu hata haijajulikana kama amefika. Akija kutoa kichwa, keshakuwa mtu wa nyumbani. Vunja machipukizi yote, yatarudi, kwa sababu mwenyewe yumo ndani ya tawi. Wala haui haraka. Anajua mti ukifa naye kaburi ni hilohilo, basi anaunyonya kwa adabu, miongo kwa miongo.

Mti nao, kwa kuchanganyikiwa, unaotesha vitawi vingi vilivyosongamana mahali pamoja. Wamarekani wanaviita ufagio wa wachawi. (Wachawi wetu wanasafiri kwa ungo, lakini hilo tuwaachie wenyewe.) Juu ya fagio hizo, hasa kwenye misitu mikavu ya bara, hutaga bundi mwenye madoa. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali. Kule, tangu mwaka 1990, bundi huyo, wa aina ya kaskazini, analindwa na sheria ya nchi. Yaani Mheshimiwa, ambaye hana hata hati ya kiwanja, amepata mpangaji mwenye mawakili!

Maafisa misitu hawajamdharau pia. Frank Hawksworth, bingwa wa mambo yake, alichapisha mwaka 1977 kipimo cha kumheshimu: gawa sehemu ya mti yenye matawi mafungu matatu, kila fungu lipe alama 0 mpaka 2, jumlisha. Mti wenye 6 umejaa wageni juu mpaka chini. Ndio mtihani pekee ninaoujua ambao wenye sifuri ndio wanaochekelea.

Adui yake wa kweli alikuwa moto, uliokuwa ukipita msituni mara kwa mara na kuunguza fagio pamoja na mwenye nazo. Lakini Wamarekani waliuzima kwa bidii, na tangu mwaka 1944 wakamweka dubu wa kwenye mabango, Smokey, ahimize watu wote wauzuie. Mheshimiwa hakuomba ulinzi huo. Alikaa tu, akaletewa.

Nimemsomea binamu haya yote. Alisikiliza kwa makini, akasema mmea huo una akili, akauliza kama chai imebaki. Jana usiku nikamsikia sebuleni akiongea na simu kwa sauti ya chini: "Ukishuka kituoni, uliza nyumba yenye geti la kijani. Usilete vitu vingi, begi moja linatosha."