Namna ya Kufufua Landrova ya Babu Ukiwa Tunduma

Kwanza hakikisha gari limekufa vizuri. Gari lililokufa vizuri limekaa chini ya mparachichi mpaka kuku wanatagia kiti cha dereva, na kila mtu wa ukoo anaapa kwamba siku lilipoegeshwa lilikuwa zima. Hakuna Landrova iliyowahi kuegeshwa ikiwa mbovu. Zote ziliegeshwa nzima, zikingoja kitu kidogo tu, na hicho kitu kidogo ndicho kitakachomaliza hela yako ya mahindi.

Waingereza wenyewe hufufua magari ya starehe. Anayestaafu Uingereza hununua MGB, kigari cha kifahari kilichotengenezwa kati ya 1962 na 1980, akajifungia nacho bandani mpaka mkewe amsahau. Kigari hicho kimeinama kiasi kwamba kikipelekwa Ileje wakati wa masika kitarudi bila tumbo. Wewe umerithi nduguye wa upande wa shamba, Landrova 109 ya 1974. Undugu huo si wa kupakaziwa, maana kuanzia 1968 MG na Landrova zote zilikuwa chini ya kampuni moja, British Leyland. Tofauti ni kwamba moja ilipewa raha na nyingine ikapewa kubeba kahawa ya Mbozi.

Kabla ya kugusa spana, itisha kikao. Usipoitisha, kitajiitisha. Shangazi wa Vwawa atakumbusha kwamba kahawa iliyonunua gari lile aliichuma yeye akiwa msichana. Baba mdogo wa Mlowo atasema babu alimwachia yeye ufunguo, na kweli ataonyesha ufunguo, ingawa ni wa kufuli. Baba mkubwa, ambaye hajatoa hata mia, atateuliwa mwenyekiti wa kamati. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba kadi ya gari bado ina jina la babu, na babu hasaini tena. Basi nendeni mkafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo kabla hamjanunua hata plagi moja, kwa sababu gari bovu halina mrithi, ila likishawaka watatokea kumi na wanne.

Mafundi wako wa aina mbili. Wa kwanza ni mzee aliyezijua Landrova za serikali na za misheni, ana mikono isiyotakata na hana simu. Wa pili ni kijana mwenye gereji kando ya barabara kuu. Atafungua boneti, atacheka kidogo, kisha atasema, "Bosi, hii injini tuitoe, tuweke 3L ya Hiace."

"Na boksi itaungana vipi?"

"Hilo dogo, tutachongesha kibao Mbeya."

Usimkatalie mbele za watu. Sema, "Tutaona, fundi," kisha kamtafute mzee. Ukikubali kibao, utakuwa na injini ya Kijapani inayosukuma gia boksi ya Kiingereza kupitia chuma kilichochongwa kwa macho, na siku ya kuharibika kila fundi atasema tatizo liko upande wa mwenzake.

Sasa injini. Hapa usiharakishe, ingawa ukoo mzima utakuharakisha. Ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47, na pistoni inatembea milimita 88.9. Ile ya dizeli ina vipimo hivyohivyo, ndiyo maana mtu akikuuzia "bloku ya petroli" kwenye skrepa ni vizuri kutazama mara mbili. Kama imekaa miaka bila kuzunguka, toa plagi, mimina mafuta kidogo kwenye kila tundu, uache yashuke taratibu kwa siku kadhaa, ndipo ujaribu kuizungusha kwa hendeli, polepole. Huo ndio ushauri sahihi. Ushauri wa ukoo ni kulifunga gari kamba nyuma ya lori, kuweka gia ya pili na kuachia klachi kwa nguvu huku watoto wakishangilia. Ringi zilizoshikwa na kutu zitakwangua silinda kutoka juu hadi chini, na kamati itatoa taarifa kwamba injini ilikuwa na tatizo tangu zamani.

Spana zitakutesa. Gari hili lilifungwa kwa inchi, na sanduku la fundi kijana limejaa milimita. Nati ya nusu inchi ina milimita 12.7, hivyo spana ya 13 itaingia na kucheza, na baada ya mivuto miwili nati itakuwa duara. Ile ya inchi 9/16 ni mbaya zaidi, kwa sababu 14 haiingii na 15 inazunguka bure. Mtu wa kawaida angenunua seti ya spana za inchi. Wewe utaambiwa nyundo na patasi zinatosha.

Nafasi ya valvu ni sehemu kumi kati ya elfu za inchi, yaani kama robo ya milimita, za kuingiza na za kutolea moshi sawasawa. Mzee hana kipimo. Ana nyembe mbili na kipande cha karatasi ya daftari, na jambo la kusikitisha ni kwamba hesabu yake inakaribia kabisa. Moto unakwenda moja, tatu, nne, mbili. Ukikosea nyaya za plagi, injini itapiga chafya kupitia kabureta na kuunguza kope za aliye karibu, ambaye kwa kawaida ni mwenyekiti.

Mkiwa mmeshafungua hedi, pelekeni Mbeya ikabadilishwe siti za valvu za moshi, ziwekwe ngumu. Injini hii ilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa inakinga siti hizo zisiliwe. Petroli hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006. Shangazi hatakubali kulipia kitu ambacho haonekani nacho kanisani. Mwambie ni rangi.

Ama kuhusu spea, unaishi mji wenye maajabu yake. Magari ya IT kutoka bandari ya Dar es Salaam yanapita mbele ya mlango wako kwenda Zambia na Kongo, mengine mapya hadi nailoni haijatoka kwenye viti. Malori yamepanga foleni mpakani yakiwa na kila kitu ambacho binadamu amewahi kukifunga kwenye kontena. Dunia nzima inapita Tunduma, isipokuwa gasketi yako. Utavuka Nakonde kwa miguu kumuulizia ndugu wa Kinamwanga, naye atakuambia alidhani nyinyi wa Tanzania ndio mnazo. Hatimaye itaagizwa Dar, zaidi ya kilomita 900, ikaja kwa basi ndani ya boksi la biskuti, ya dizeli.

Bodi usiihangaikie, ni ya aluminiamu, kwani Uingereza ilipotoka vitani chuma kilikuwa cha mgao. Chesisi ni chuma, na huoza kwa ndani huku nje ikimeremeta. Igonge kwa bisibisi kabla ya kupaka rangi. Ikitoboka, usimwite mtu wa rangi, mwite mchomeleaji. Nyaya za umeme za Lucas zitawasha wiper unapopiga honi, na hilo si la kurekebishwa. Ni la kuzoea.

Siku ya kuwasha, betri itakuwa imeazimwa. Tumia hendeli, na dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie chuma, maana injini ikirudisha teke litabaki lako kwa jina tu.

Ikiwaka, safari ya kwanza itakuwa kwenda kuona kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma kilichokaa nje dahari bila kuundiwa kamati. Shangazi atataka kukaa mbele, baba mkubwa atakuwa ameshakaa. Hakuna atakayeuliza mafuta ya nani, kwa sababu wote wanajua ni yako. Beba hendeli, maji ya rediata, zile nyembe mbili na mzee mwenyewe. Mkifika mlima Marengi, liegeshe likitazama mteremko.