Kabrasha la Baba

Mama mkwe wangu alifika Embu Jumatano jioni kwa matatu kutoka Nkubu, akiwa na mizigo mitatu: mkungu wa ndizi, kiondo, na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani. Mkungu ulibebwa na makanga hadi ukingoni mwa steji. Kiondo alikipokea mke wangu. Sanduku alilibeba mwenyewe mpaka chumba cha wageni, akalisukuma chini ya kitanda.

Alikuwa na miadi ya macho Ijumaa asubuhi. Jicho la kulia lilikuwa limeondolewa mtoto wa jicho miezi miwili kabla; la kushoto bado lilikuwa na ukungu. Jumapili wanawe wawili, mmoja kutoka Maua na mwingine kutoka Nkubu, wangekuja kwetu tupange ibada ya kumkumbuka baba yao, miaka 10 tangu atuache. Ajenda ya kwanza ya kikao ilikuwa kuchagua picha.

Kwa Mama hapakuwa na cha kuchagua. Picha aliyoitaka ni moja. Marehemu alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, na katika picha hiyo amesimama kando ya mizani ya kupimia kahawa, kofia ya pama kichwani, daftari kwapani, anacheka na mtu asiyeonekana. Karatasi yenyewe haipo tena. Paa la nyumba ya Nkubu lilivuja wakati wa masika, maji yakaingia ndani ya lile sanduku la bati, na picha ikagandana na nyingine mpaka sura zikabanduka. Bahati ni kwamba Krismasi ya kabla ya hapo mke wangu alikuwa ameziingiza picha zote kwenye kompyuta yetu. Nakala ile sasa ndiyo ilikuwa picha yenyewe.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Yetu ya nyumbani inatumia Linux, na mazingira yake ya skrini ni Plasma, kazi ya KDE, mradi ambao Matthias Ettrich aliuanzisha Ujerumani mwaka 1996. Tangu 2008 Plasma ina wijeti iitwayo Folder View: kidirisha kinachokaa pale pale usoni mwa skrini na kuonyesha yaliyomo ndani ya folda moja, usihitaji kwenda kuyatafuta mbali. Nilitaka Mama aketi mbele ya skrini hiyo na kumfungulia mumewe mlango kwa mkono wake, bila kumwomba mtu. Na nilitaka nyumba anayoingia iwe nzuri.

Usiku wa Alhamisi nilikesha mpaka saa saba. Niliipa wijeti ukuta wa kioo, ili picha ya Mlima Kenya iliyo nyuma ionekane kupitia kwake. Alama za folda nilizifanya ndogo na laini. Nikawasha uwezo wa folda kujifungua mshale unapopita juu yake. Mwisho nikagusa mwendo. Wijeti za Plasma huandikwa kwa QML, lugha ambayo ndani yake mwendo wa kitu huchaguliwa kwa jina: OutBounce hukifanya kidunde kama mpira kabla ya kutulia, OutCubic hukianzisha kwa kasi, kisha hukipunguza mwendo mpaka kisimame. Nilichagua kudunda. Nilipolala, kila folda ilikuwa ikifunguka kama mtoto anayeruka kumpokea mgeni.

Ijumaa jioni, baada ya uji, Mama aliketi mbele ya skrini. Mjukuu wake wa miaka 9 alivuta kigoda pembeni. Mimi nilisimama karibu na mlango.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Ukwe una mipaka. Mimi ni Mwembu niliyeoa Umeruni, na mama mkwe wangu simshiki mkono kumwongozea kipanya, wala siinami juu ya bega lake nikamwonyesha kwa kidole. Namheshimu kwa umbali, naye ananiheshimu kwa umbali uo huo. Kwa hiyo maelezo yote ambayo mkono wangu ungeyatoa, skrini ndiyo iliyopaswa kuyatoa. Sikuwa nimelifikiria hilo usiku ule.

Mkono wa Mama hutetemeka kidogo. Mshale ulipopita juu ya folda ya kwanza, ikafunguka ikidunda. Ulipoteleza, ya kwanza ikafungwa na ya pili ikaruka. Kisha ya tatu. Majina ya folda, yaliyoandikwa kwa herufi nyeupe, yalikuwa yameangukia kwenye theluji ya mlima, hata mimi mwenye macho mazima nisiweze kuyasoma.

"Hivi vinakimbia nini?" aliuliza.

"Ni folda, Shosho. Vinafunguka."

Alivumilia. Akaenda polepole, folda baada ya folda, mpaka kofia ya pama ikatokea. Akasema "Eeh," sauti ya mtu aliyekutana na mwenzake sokoni, akabonyeza picha ile kwa nguvu kama anayetaka kuishika. Mkono ukatetemeka akiwa amebonyeza, na picha ikafuatana na mshale mpaka juu ya folda nyingine. Alipoachilia, kidirisha kikauliza kama anataka kuhamisha au kunakili. Mjukuu, aliyefunzwa kwamba ukiulizwa unajibu, akamwambia abonyeze neno la kwanza. Akabonyeza. Lilikuwa Hamisha.

Picha ikatoweka pale pale. Haikwenda popote ambapo jicho lingeweza kufuata.

"Baba yenu ameenda," Mama alisema.

Hakusema imeenda. Nilipiga hatua kuelekea mezani, kwa maana kutengua kosa kama hilo ni kubonyeza Ctrl na Z tu. Hapo stima ikapotea. Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani, na skrini ikazimika pamoja na taa za mtaa mzima.

Mke wangu aliwasha mshumaa akaniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko ukali, nakala nyingine iko wapi. Haikuwepo. Mwaka mzima tuliijua thamani ya picha ile, na hatukuiweka hata kwenye flashi. Mama hakulalamika. Aliomba chai, akanywa nusu kikombe, akaenda kulala saa mbili. Kupitia ukutani nilisikia sanduku la bati likivutwa kutoka chini ya kitanda, likifunguliwa, kisha kimya kirefu.

Stima ilirudi alfajiri. Niliwasha, nikajaribu kutengua, lakini kompyuta haikukumbuka tena lililofanyika jana. Jina la picha halikusaidia, kwa sababu skana hutoa majina ya tarakimu, na zilikuwepo mamia: stakabadhi za kahawa, ripoti za shule, risiti za maji, vyeti vya ubatizo. Mke wangu alianza kufungua moja moja. Mimi nilianza kubomoa nilichojenga, kwa sababu nilitambua kwamba hata yeye kilikuwa kinamchelewesha.

Nikaondoa kudunda. Nikazima kujifungua kwa kupitiwa na mshale. Nikaondoa kioo, nikaweka ukuta wa rangi ya maziwa na maandishi meusi. Nikakuza alama za folda mara nne, na nikawasha vijipicha, kazi ambayo nilikuwa nimeizima kwa sababu niliona vinachafua sura: folda hubeba usoni mwake picha ndogo za vitu vilivyo tumboni.

Mama alikuwa akipita nyuma yetu na kikombe cha uji. Akasimama.

"Ile si kofia ya Baba?"

Ilikuwa kwenye folda ya risiti za maji, kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Aliitambua kwa jicho lake moja zuri, kutoka hatua tatu, picha ambayo sisi wawili tulikuwa tumeipita mara mbili. Mke wangu aliweka uso wake viganjani akalia. Mimi nilinakili picha ile kwenye flashi 2, moja ya Nkubu na moja ya Maua, kabla sijasema neno.

Jumamosi yote tulijenga upya, Mama akiwa kwenye kiti chake, akinielekeza kwa maneno. Alitueleza jinsi marehemu alivyotunza karatasi za kiwanda: kila kabrasha na uzi wake, na akitoa karatasi moja hafungui jingine mpaka ya kwanza imerudi. Nikamwambia kwamba wanaotafsiri programu kwa Kiswahili hutumia neno hilo hilo, kabrasha, na kwamba folda za kwenye skrini zilianza kuuzwa na mashine ya Xerox Star mwaka 1981, iliyotengenezewa watu wa kazi za ofisini kama marehemu. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hakutarajia vinginevyo.

Rangi tulizipima kwa macho yake. Jicho lililotibiwa liliona buluu kali, ya anga ya Januari. Lile lingine liliona kama imekolezwa chai. Ndivyo mtoto wa jicho afanyavyo: hukaa kama kichujio cha manjano, na buluu ndiyo hupotea. Basi hatukuitegemea rangi peke yake. Kila kabrasha lilipata rangi, jina na sura ya mtu.

Kisha mwendo. Mwaka 1993 Bay-Wei Chang na David Ungar waliandika juu ya yale ambayo skrini inaweza kujifunza kutoka kwa filamu za katuni. Kitu kinachotokea au kutoweka ghafla humwachia mtazamaji kazi ya kujiuliza kimetoka wapi. Kinachosogea mbele ya macho yake humpunguzia kazi hiyo. Nililijua andiko lile kwa miaka, lakini nililielewa Ijumaa ile, mtu aliposema ameenda na asijue wapi. Nikafanya kidirisha kikue kutoka ndani ya kabrasha lenyewe, na kikifungwa kirudi mule mule, kwa OutCubic, mara moja, kisha kitulie.

Ilibaki kasi. Jambo linalochukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huliona kama limetokea papo hapo. Wataalamu wa skrini wamelijua hilo tangu miaka ya 1960. Nilianzia sekunde 0.2. Mjukuu akasema ni sawa. Shosho akasema, "Sijaona." Nikapandisha hadi 0.3. Hapana. Kwenye 0.4, ambayo kwa skrini ya picha 60 kwa sekunde ni picha 24 tu, akasema, "Hapo nimemwona akitoka." Hapo ndipo nilipoacha.

Jumapili shemeji zangu waliketi sebuleni, sahani za mukimo magotini. Mama aliketi mbele ya skrini, akafungua kabrasha la Baba kwa mbofyo mmoja, na mtu wa kofia ya pama akatoka taratibu mpaka akajaza kioo. Hakuna aliyesema kitu. Baadaye yule wa Maua, mwenye haraka ya kurudi kabla ya giza, alinyoosha mkono afungue kabrasha la stakabadhi wakati lile la picha bado linafungwa.

Mama aliuzuia mkono wake kwa kiganja.

"Ngoja aingie kwanza," akasema.