Abti Msumari Anajibu: Gari ni la Nani?

Tangu watoto wa mitaa ya Garissa waanze kushindanisha magari ya mbao kwenye ubao ulioinamishwa, safu hii imeacha kupokea barua za ndoa. Ama wake na waume wamepatana, ama wote wako uani wanapiga msasa. Kinachoingia siku hizi ni maswali ya misumari, magurudumu na kununiana. Nimeanza na waliokasirika zaidi.

*Abti, assalaam alaykum. Mwanangu yuko Gredi ya 4. Mwalimu aliwaagiza watengeneze gari la kuchezea kwa vifaa vya nyumbani. Nilianza kumsaidia baada ya Isha. Kufikia alfajiri gari lilikuwa na milango inayofunguka, taa mbele na nyuma, na nambari ya usajili. Limepata "Kuzidisha Matarajio". Sasa wageni wakimuuliza kijana gari ni la nani, anajibu, "La aabo," yaani langu mimi babake. Je, huu si utovu wa adabu?*
*Fundi Asiyelala, Bulla Iftin*

Wa alaykum salaam, walalo. Huyo kijana ana adabu na pia ni shahidi mwaminifu. Ungemfundisha kusema uongo ndiyo ungeniandikia barua nyingine.

Hauko peke yako. Mtaala wa umilisi ulipoingia madarasani Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, ulikuja na sharti kwamba mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto. Sharti halina ubaya. Lakini kufikia 2021 nchi nzima ilikuwa inalalamika kwamba kazi ya nyumbani imekuwa ya mwenye nyumba. Mimi niliwasikiliza wazazi hao kwa huruma, mpaka nilipogundua kwamba yule anayelalamika sana mchana ndiye usiku anayemnyang'anya mtoto msumeno akisema, "Lete, utaharibu."

Fanya hivi. Hiyo "Kuzidisha Matarajio" ni yako kihalali. Iandike jina lako na umri wako, uibandike sebuleni, wageni wakupongeze. Kijana mpe kipande cha mbao, msasa, na makopo mawili ya rangi ya viatu yaliyokwisha. Chochote chenye moto au stima kifanye wewe. Anapokata, shika mbao isiteleze, na ufunge mdomo. Akipaka rangi upande mmoja akachoka, gari lina upande mmoja wenye rangi. Mwalimu amewahi kuona mabaya zaidi, na yalitengenezwa na watu wazima.

Isitoshe, mashindano haya yalianzishwa na mzazi. Mwaka 1953, Manhattan Beach, California, baba mmoja aitwaye Don Murphy alikuwa na mvulana mdogo mno kuingia katika mbio za yale magari makubwa ya mbao ambayo mtoto hukaa ndani akayaendesha mteremkoni. Murphy angeweza kumdanganyia umri, jambo ambalo sisi tunalijua vizuri. Badala yake alibuni gari la kutosha kiganjani, akawapa watoto wa skauti kila mmoja kipande cha msonobari, magurudumu manne na misumari ya kuyashikia, na mbio za kwanza zikafanyika tarehe 15 Mei mwaka huo. Aliwapa mbao, walalo. Hakuwapa gari.

*Abti, nimeamka kwenda kutawadha nikakuta ndala zangu mpya zina mashimo ya mviringo. Mume wangu anasema ni "magurudumu ya mtoto". Mtoto mwenyewe amelala. Nifanye nini?*
*Miguu Chini, Bulla Medina*

Pole, dada. Ndala moja hutoa magurudumu manne, na ukibana mashimo hata sita. Mtu aliyekata zote mbili alikuwa anajifurahisha. Anadaiwa jozi mpya kabla ya Ijumaa, na asilipe kwa zile za rangi mbili tofauti.

Mweleze pia kwamba amepata hasara bure. Gurudumu la ndala ni zuri kwa gari la waya linalosukumwa mchangani kwa fimbo. Kwenye ubao linaganda. Kwa mbio anahitaji kitu kigumu, cha mviringo kamili, chenye tundu katikati kabisa. Vifuniko vya chupa za maji vinafaa. Vinavyotobolewa kwa msumari wa moto lazima vipimwe kwanza kwa rula, kwa sababu gurudumu lenye tundu pembeni huruka kama ngamia mwenye haraka.

*Abti, mimi na shemeji yangu hatusemezani. Yeye anashikilia kwamba gari jepesi ndilo lenye mbio. Mimi nasema zito. Watoto wetu watashindana Jumamosi huko Madogo, ng'ambo ya daraja. Nina betri kuukuu ya lori. Nataka kuyeyusha risasi yake niimwage ndani ya gari la mwanangu. Amua, na nikishinda utaje jina langu.*
*Mzito*

Hoja umeshinda. Jina silitaji, kwa sababu ya hiyo betri.

Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa jirani yao, risasi ikaingia hewani, majini na katika damu ya watoto, watu wakaugua na wengine wakafa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Wewe unataka kufanya shughuli hiyo kwenye sufuria, uani, mtoto akiwa amechuchumaa pembeni anakushikia tochi. Irudishe betri ilikokuwa. Uzito unapatikana kwa nati, washa na sarafu zilizobandikwa kwa gundi chini ya mbao.

Sasa mwite shemeji yako, mkae chini ya mwarobaini, umsomee haya. Mvuto wa ardhi hauchagui zito wala jepesi: kama kusingekuwa na upepo wala magurudumu ya kuzungushwa, yangefika chini pamoja. Lakini upepo upo, na unayazuia magari mawili ya umbo moja kwa nguvu ileile. Magurudumu nayo hudai sehemu yake ya mwendo ili yazunguke. Gari zito lina akiba kubwa ya kulipa madeni hayo, ndiyo maana ubao unapofika bapa, jepesi linachoka na zito linaendelea. Wamarekani waliligundua hili mapema wakaweka kikomo: aunsi tano, yaani takriban gramu 142. Nanyi wekeni kikomo, mpime kwa mizani ya sonara. Mizani ya duka la sukari ina mapenzi yake.

Hapo ndipo mbao yetu inapoleta fujo. Kipande cha msonobari cha kawaida ya mashindano, urefu inchi saba, ni chepesi, na kinaacha nafasi ya kuongeza nati. Mathenge ni habari nyingine. Mti huu ulioletwa kuzuia jangwa, ukazuia na njia, malisho na mifereji, una mbao ngumu na nzito. Kipande kama kile cha mathenge hupita gramu 142 kabla hujafunga hata gurudumu moja. Kwa hiyo anayetumia mathenge hana haja ya kuongeza chochote; kazi yake ni kupunguza, kwa patasi na subira. Achonge zaidi upande wa mbele, uzito ubaki nyuma. Kule kwenye mteremko, mkia wa gari huanza juu zaidi kuliko pua, na uzito uliokaa juu una safari ndefu zaidi ya kushuka. Usiupeleke mbali mno nyuma ya ekseli, maana pua itainuka na gari litayumba.

Mathenge ina watu wa kuichukia wa kutosha. Wailchamus wa Baringo waliwahi kwenda nayo mahakamani Nairobi, ushahidi wao mmoja ukiwa mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake. Mimi naona kila gari la mtoto linalochongwa kutokana nayo ni kisasi kidogo. Ila miiba yake itoe mtu mzima, akiwa amevaa viatu. Kama hana ndala ni juu yake.

La mwisho kwenu wawili: acheni grisi. Mchanga wa Madogo ukikutana na grisi kwenye msumari unakuwa msasa, na gurudumu linasimama. Saga ile nyeusi ya ndani ya penseli iwe unga, unyunyize mkavu kwenye msumari, uzungushe gurudumu mpaka unga ushike. Hata huko California mafuta ya maji yanakatazwa, na wao hawana vumbi letu.

*Jirani yangu ameficha sumaku kwenye pua ya gari la mtoto wake. Nimeiona kwa macho yangu. Nimfichue au na mimi niweke kubwa zaidi?*
*Jicho la Dirishani, Garissa Ndogo*

Kwanza jiulize sumaku itavuta nini. Kama lango la kuanzia ni la mbao, jirani yako amebeba mzigo wa bure na unaweza kumwacha aendelee. Kama ni la bati, keti nikusimulie.

Agosti 1973, Akron, Ohio, yalipofanyika yale mashindano makubwa ambayo mtoto hukaa ndani ya gari, kijana wa miaka 14 kutoka Boulder, Colorado, aliibuka bingwa. Watu wakashangaa gari lake lilivyochomoka langoni kila mara. Ndani ya pua kulikuwa na sumaku ya umeme. Kijana alikuwa akiegemeza kichwa nyuma, swichi inawaka, na bamba la chuma la lango lilipoangushwa mbele liliivuta pua ya gari. Walilipiga picha ya eksirei wakaona kila kitu. Ubingwa ulidumu siku mbili. Na nani alikuwa nyuma ya mpango huo? Mjomba wake, mtu mzima aliyefanikiwa kibiashara, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia. Alijitetea kwamba wengine nao wanadanganya.

Mwendee jirani baada ya sala, bila watu, umwambie kwamba Jumamosi lango litakuwa la mbao. Usiseme zaidi. Akibadilika rangi, umekwisha kumfichua.

*Mimi ni mzee. Nimechunga ngamia toka Wajir mpaka Modogashe. Wajukuu wangu wanashangilia vipande vya mbao visivyo na pumzi. Mbio ni za mnyama. Uwaambie waache.*
*Awowe wa Iftin*

Awowe, heshima zako. Mbio za ngamia zipo na zina jina: Maralal, kule Samburu, wanazo tangu 1990, na wageni hutoka mbali kuja kuanguka kutoka mgongoni. Ila ngamia haingii chumbani, na wajukuu wako wanaishi kwenye ploti.

Nina ombi badala ya jibu. Kengele ya mbao inayoning'inizwa shingoni mwa ngamia, ile koor, nani alikuwa anaichonga? Nasikia ni wazee wa rika lako. Mtu anayejua kutoboa mbao ndani isipasuke, anayejua upande gani wa mti unakubali kisu na upande gani unakataa, na mbao gani ikaushwe kivulini isipasuke kwa jua hili letu, hana mpinzani mtaani. Mafundi wa jua kali wana mashine lakini hawana hiyo elimu. Chukua kiti, ukae karibu na watoto. Najua utawakaripia, hilo halizuiliki. Lakini usishike kisu zaidi ya mara moja, maana nimewaona wazee wakionyesha "kidogo tu" na gari likaisha.

Barua fupi nazijibu kwa pamoja. Anayelia kwamba Garissa ni tambarare na hakuna mlima: hiyo si kazi ya mlima. Plaiwudi mbili zilizounganishwa kwa urefu, ncha moja juu ya meza, zinatosha, bora maungio yasiwe na kidato. Ukingo wa mto Tana usijaribu. Kuna mamba, naye hasubiri mshindi. Anayeuliza saa nzuri ya mbio: baada ya Alasiri. Saa saba mchana gundi inalainika na wazazi wanakuwa hivyohivyo. Na wewe mama ambaye mwanao sasa anataka gari la kupanda mwenyewe, mwonyeshe picha za chukudu za Goma, baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba magunia ya viazi na makaa kushuka milimani, hata mji umezijengea sanamu la rangi ya dhahabu. Halafu mwonyeshe mtu anavyozipandisha mlima kwa kuzisukuma. Huenda akarudi kwenye lile dogo.

*Abti, mimi ni msichana wa Gredi ya 5. Gari nililitengeneza peke yangu. Lilienda kushoto, likagonga ukingo, likawa la mwisho. Sikulia. Lakini aabo haongei tangu Jumamosi, na anataka kulitengeneza upya lote usiku. Nilifiche wapi?*
*Namba 7*

Lifiche kwa eeddo yako. Aabo hawezi kumkaripia dada yake.

Kisha tutibu hilo la kushoto. Liweke kwenye sakafu ya vigae, ulisukume taratibu, uangalie kutoka nyuma. Ama misumari miwili ya mbele haiko sambamba, ama gurudumu moja halizunguki sawa na mwenzake. Zungusha kila moja kwa kidole uhesabu linachukua muda gani kusimama. Linalosimama mapema ndilo linalokuvuta upande wake. Lisugue msumari wake kwa msasa laini, uweke unga wa penseli, ujaribu tena. Kama yote yanalingana, geuza msumari mmoja wa mbele kidogo sana, kama upana wa uzi, usukume tena. Utarudia mara nyingi. Andika kila unachobadilisha, usije ukageuza viwili kwa pamoja ukashindwa kujua kipi kilisaidia.

Aabo anaomboleza gari ambalo hakulitengeneza, na hiyo huchukua wiki. Mpe kazi kabla hajajipa. Jumamosi ijayo hakuna mtu wa kushika saa pale mwisho wa ubao, na anayeshika saa haruhusiwi kugusa gari lolote. Akikataa, mwambie nafasi ya kumwagia maji vumbi kabla ya mbio nayo iko wazi, na mtungi anakuja nao mwenyewe.